Wadudu Waendao Mauani: Somo Kutoka Mbuga za Majani Marefu za Marekani



Somo letu la safari hii halihusu bei wala uanikaji wa karafuu. Lahusu wadudu wadogo waendao mauani, na namna watu wa vyuo vikuu vya Marekani walivyojifunza kuwahesabu katika mbuga za majani. Huenda mwanachama akauliza: mbuga za Marekani na mikarafuu yetu zina udugu gani? Twamwomba asubiri kidogo, kwa sababu somo hili limeanzia hapa hapa kwetu, tena katika jambo tulilolifanya sisi wenyewe.

Mwaka juzi, kabla ya msimu wa kuchuma, sisi wa ofisini tuliamuru shamba la mfano la chama lisafishwe. Hatukusafisha chini ya mikarafuu tu, kama ilivyo ada ili karafuu zinazoanguka zipate kuokotwa. Tulifyeka na kingo zote, pamoja na ule ukanda wa majani na vichaka ulio mpakani. Kazi ilikwisha siku moja, nasi tukajisifu kwa usafi. Baada ya wiki chache alikuja bibi mmoja, jirani wa shamba lile, amechukua ungo. Ndani ya ungo mlikuwa na vijiboga, kila kimoja hakizidi kidole gumba, vimegeuka manjano na kuanza kuoza.

Akasema, "Wanangu, mwaka jana ukingo huu ulinipa maboga ya kula na ya kuuza. Mwaka huu yachanua, yafunga, kisha yaanguka. Nyuki siwaoni. Mmenifanyia nini?"

Hatukuwa na jawabu. Wako kati yetu waliosema ni mvua, wako waliosema ni mbegu mbovu, na wako waliowalaumu inzi wa matunda. Wengine walisema, kwa sauti ya chini, kwamba ni mapanga yetu. Kila mtu alikuwa na rai yake, lakini hapana hata mmoja aliyekuwa na hesabu. Hatukupata kuwahesabu nyuki wa ukingo ule hata asubuhi moja kabla ya kuufyeka. Ndipo tulipoanza kutafuta habari za watu waliokwisha kujiuliza swali la namna hii: mtu akiitengeneza ardhi kwa panga, kwa moto au kwa mifugo, wadudu wa mauani hupatwa na nini? Wengi waliolishughulikia swali hili kwa subira ni wanafunzi wa shahada za juu katika mbuga za kati ya Marekani. Haya ndiyo tuliyoyapata.

1. Kazi ya mdudu mauani

Ua lina unga, ambao katika vitabu vya kilimo huitwa chavua. Ili mbegu ipatikane, sharti unga huo ufike kwenye sehemu ya kike ya ua. Mahindi huuachia upepo kazi hiyo. Lakini mimea iliyo mingi, karibu tisa katika kila kumi ya ile itoayo maua duniani, husaidiwa na viumbe wenye uhai, na wengi wa hao ni wadudu. Mdudu hendi pale kwa hisani. Aenda kutafuta utamu wa ua au unga wenyewe kwa chakula, na katika kuhangaika kwake huutoa unga ua hili akaufikisha ua lile.

Tazameni boga. Mmea mmoja hutoa maua ya kiume na maua ya kike. Lile la kike lina kijiboga chini yake tangu siku ya kuchanua, nalo hufunguka asubuhi moja tu. Ikiwa asubuhi hiyo hakuletewa unga wa kutosha, kile kijiboga hugeuka manjano na kuanguka. Hivi ndivyo vilivyokuwa katika ungo wa bibi yule, ingawa kuanguka kwake kwaweza kuwa na sababu nyingine pia.

Sisi watu wa karafuu ni wepesi wa kulisahau jambo hili, maana mavuno yetu ni ua ambalo halijafunguka. Karafuu ikishachanua imekwisha kututoka. Lakini mche wa kesho watokana na tunda, na tunda hutokana na ua lililoachwa likafunguka. Tena hapana mwanachama apikaye karafuu akashiba. Watoto wetu hula maboga, matango na matikiti, na hayo yote yawahitaji wadudu. Mwenye vanila aijua vizuri gharama ya kukosa mdudu, kwa kuwa vanila yatoka Amerika ya Kati, na nyuki wake wa asili hawakuja nayo. Kila ua lake huguswa kwa mkono wa mtu, kwa njia aliyoibuni Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, katika kisiwa cha Réunion mwaka 1841.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba nyuki si wale wa mzinga peke yao. Aina za nyuki zijulikanazo duniani zapindukia 20,000, na zilizo nyingi hazina mzinga, hazina malkia, wala haziweki asali ya kurinwa. Kila jike huishi peke yake, na wengi wao huchimba kishimo ardhini, wakaweka humo unga na yai, wakafukia. Wengine hukaa ndani ya vijiti vikavu vilivyo wazi katikati. Mtu afyekaye au achomaye huenda akapita juu ya nyumba zao asijue.

2. Mbuga zenyewe na moto wake

Katikati ya Marekani palikuwa na mbuga za majani marefu, yafikayo kimo cha mtu na kumpita. Zamani zilienea yapata eka milioni 170. Majani hayo yaliishi pamoja na mambo mawili: moto na wanyama walao majani. Moto uliwashwa na radi, na uliwashwa na wenyeji wa asili wa nchi ile kwa makusudi yao. Wanyama walikuwa nyati wa Marekani, wenye nundu na manyoya mazito, waliotembea kwa makundi makubwa wakifuata majani machanga.

Kisha yakaja majembe ya kukokotwa ya chuma cha pua, na lile la John Deere la mwaka 1837 ndilo mashuhuri. Udongo wa mbuga, uliokuwa mweusi na wenye rutuba, ukageuzwa mashamba ya mahindi. Leo haijabaki hata sehemu 4 katika 100 za mbuga ile. Katika jimbo la Iowa, ambako mbuga ilifunika sehemu kubwa ya nchi, haijabaki hata sehemu 1 katika 1,000. Sehemu kubwa iliyosalia iko Flint Hills, katika majimbo ya Kansas na Oklahoma, kwa sababu vilima vile vina mawe mengi na jembe halikupita.

Mtu aweza kudhani kwamba mbuga iliyobaki ingeachwa tu ijiendee. Haiwezekani. Pasipo moto wala mnyama, miti ya jamii ya mreteni huingia, na baada ya miaka mbuga huwa kichaka. Kwa hiyo mbuga ile ni ya asili, lakini yatunzwa kwa mkono wa mtu, kama shamba. Watunzaji huchoma moto wa makusudi, aghalabu katika majira ya kuchipua, na huingiza ng'ombe au nyati. Wafugaji wengi wa Flint Hills huchoma kila mwaka, kwa kuwa ng'ombe hunenepa kwa majani mapya yatokayo baada ya moto.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Wapenzi wa vipepeo walilalamika kwamba moto wawateketeza wale walioukusudiwa kuwatunza. Wapenzi wa mbuga wakajibu kwamba bila moto hapatakuwa na mbuga wala kipepeo. Wafugaji nao walikuwa na ng'ombe wao wa kulisha. Kila upande ulikuwa na sehemu ya haki, kama ilivyokuwa baina yetu sisi na bibi wa maboga.

3. Jinsi walivyopima

Mwaka 2001 Samuel Fuhlendorf na David Engle wa Oklahoma State University walieleza njia ya kuchoma kwa mafungu. Shamba moja hugawanywa sehemu tatu bila ya ua katikati. Mwaka wa kwanza huchomwa sehemu moja, wa pili sehemu nyingine, wa tatu iliyobaki, kisha huanzwa tena. Ng'ombe hawana haja ya kuswagwa, wao wenyewe huyakimbilia majani machanga ya sehemu iliyochomwa karibuni, na zile sehemu nyingine hupumzika. Hivyo katika shamba moja hupatikana majani mafupi, ya kadiri na marefu kwa wakati mmoja, mfano wa hali ya zamani za nyati.

Je, vipepeo waliridhika? Swali hili lilifanyiwa uchunguzi katika mbuga ziitwazo Grand River Grasslands, mpakani mwa Iowa na Missouri. Aliyeongoza hesabu ya vipepeo alikuwa Ray Moranz, aliyekuwa akisomea shahada ya udaktari Oklahoma State University, pamoja na wenzake, akiwamo Diane Debinski wa Iowa State University. Walihesabu mwaka 2008 na 2009, na matokeo yalichapishwa mwaka 2012.

Mashamba yalikuwa 13, nayo yalitunzwa kwa namna tatu. Matano yalichomwa kwa mafungu matatu, na ng'ombe wakalishwa humo. Manne yalichomwa yote kwa mara moja kila mwaka wa tatu, na ng'ombe wakalishwa humo pia. Manne ya mwisho yalichomwa yote kila mwaka wa tatu, lakini hayakuingizwa ng'ombe hata mmoja.

Katika kila shamba ilipimwa mistari sita, kila mmoja meta 100. Mhesabu hutembea juu ya mstari pole pole, na kila aonapo kipepeo huandika aina yake, na umbali wake kutoka kwenye mstari. Kwa nini aandike umbali? Kwa sababu kipepeo aliye mbali, au aliye katika majani marefu, ni rahisi kupitwa na jicho. Mtu akihesabu tu bila kupima, atadhani shamba lenye majani mafupi lina vipepeo wengi, kumbe lina vipepeo waonekanao kwa wepesi. Kwa kuujua umbali, hesabu yaweza kusahihishwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka kumjua kipepeo sharti atembee meta 100 juani, arudi, atembee tena.

Angalieni pia kwamba hawakutegemea shamba moja kwa kila namna. Shamba moja lingeweza kuwa na udongo mzuri au jirani mwenye maua mengi, na watu wakaupa moto sifa isiyo yake. Yakiwa manne au matano, bahati ya shamba moja haiwezi kuwadanganya kwa urahisi.

4. Waliyoyaona

Jambo la kwanza liliwashangaza wengi. Idadi ya aina za vipepeo haikutofautiana kwa namna ya utunzaji. Kuchoma kwa mafungu, kuchoma kote na ng'ombe, au kuchoma kote bila ng'ombe, aina zilikuwa karibu sawa. Kilichohusiana na wingi wa aina kilikuwa kitu kingine: shamba lilikuwa na mimea ya asili kiasi gani kabla ya uchunguzi kuanza. Palipokuwa na mimea mingi ya asili, palikuwa na aina nyingi za vipepeo.

Jambo la pili ni kwamba walipomtazama kipepeo mmoja mmoja, tofauti zilionekana. Wawili ambao ni wa mbuga hasa, yaani yule wa kahawia mwenye madoa kama macho, Cercyonis pegala, na yule mkubwa wa rangi ya chungwa na weusi, Speyeria idalia, walikuwa wengi zaidi katika mashamba yaliyochomwa bila ng'ombe. Kadhalika kipepeo mfalme, Danaus plexippus, yule asafiriye maelfu ya kilometa kwenda kupisha baridi katika milima ya Meksiko. Huyu ana ndugu yake hapa kwetu Afrika, Danaus chrysippus, wa rangi ya chungwa vile vile, na viwavi wa wote wawili hula mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa. Lakini kipepeo mmoja mdogo wa buluu, Cupido comyntas, alizidi katika mashamba yaliyochomwa kwa mafungu pamoja na ng'ombe.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Kwa baadhi ya vipepeo, historia ya shamba ilikuwa na nguvu kuliko utunzaji wa sasa. Mashamba mengi ya pale yaliwahi kulishwa kupita kiasi au kupandwa majani ya kigeni kutoka Ulaya, na majani hayo yalikwisha kuisonga mimea ya asili. Ukichoma shamba kama hilo utapata shamba la majani ya kigeni lililochomwa. Maua yaliyokwisha kupotea hayarudishwi na moto peke yake. Ndiyo sababu watafiti wale walimaliza kwa kusema kwamba huenda ikabidi mimea ya asili ipandwe upya, pamoja na kuurudisha moto na mnyama.

5. Kwa nini iwe hivyo?

Mchukueni Speyeria idalia. Jike hutaga mayai mwishoni mwa kiangazi. Kiwavi hutoka katika yai akiwa mdogo kama ncha ya sindano, wala hali kitu. Hujificha katika majani makavu yaliyoanguka, akangoja baridi yote ipite. Majira ya kuchipua yakifika, hutafuta chakula chake, nacho ni kimoja tu: mmea mfupi uitwao vaioleti. Hana kizazi cha pili katika mwaka.

Basi moto ukipita katika majani makavu kabla hajawa kipepeo, humkuta palepale kitandani. Hili ni kweli, na walalamikaji hawakukosea. Lakini ni kweli pia kwamba vaioleti hufifia ikisongwa na majani makavu yaliyorundikana miaka mingi, na kwamba moto huyaondoa. Kwa hiyo kipepeo huyu auhitaji moto na tena auogopa. Jambo la kumfaa ni moto uliopita jana kwa jirani, ukaacha kwake, kisha mwaka mwingine ukabadilishana. Wenye mabawa wa upande uliosalimika huweza kuruka na kuujaza tena upande uliochomwa. Ikichomwa mbuga yote siku moja, hapana wa kurudi.

Na yule mdogo wa buluu? Viwavi wake hula mimea ya jamii ya kunde, na mimea hiyo mingine hustawi palipo pafupi na wazi. Kwake yeye ng'ombe si adui. Hivyo neno "zuri kwa wadudu" halina maana mpaka tuulize: mdudu yupi, ala nini akiwa kiwavi, anywa nini akiwa na mabawa, na alala wapi?

6. Na nyuki je?

Kwa nyuki kazi ni ngumu zaidi, maana wengi ni wadogo, na aina mbili huweza kufanana mpaka uwatazame kwa darubini. Wanafunzi hutumia njia mbili zaidi. Ya kwanza ni wavu, ambapo mtu humnasa nyuki juu ya ua na kuandika ni ua gani. Ya pili ni bakuli ndogo za rangi ya buluu, manjano na nyeupe, zenye maji na sabuni kidogo. Nyuki hudhani ni maua, wakatua wakazama. Siku za joto huwa za kunasa, na miezi ya baridi huwa ya kukaa mezani, kuwapanga na kuwatambua mmoja mmoja.

Bakuli zina hila yake. Maua yakiwa mengi, nyuki huenda kwenye maua na kuziacha bakuli, na maua yakiwa machache, bakuli hujaa. Asiyejua ataandika kwamba shamba lisilo na maua lina nyuki wengi. Kwa hiyo mtafiti mwangalifu huhesabu maua pia, na hutumia wavu na bakuli pamoja.

Makao ya nyuki nayo hutofautiana. Wale wachimbao hutaka udongo ulio wazi, na moto au kwato huwafungulia. Wale wa vijitini hutaka mabua makavu yaliyosimama, na moto huwanyima. Wale wakubwa wenye manyoya, waishio kwa makundi madogo, hupenda mashimo ya zamani ya panya na matuta ya majani. Mmoja wa hao, Bombus affinis, aliyekuwa akionekana katika majimbo mengi, aliandikwa na serikali ya Marekani mwaka 2017 kuwa yu hatarini kutoweka.

Kuna pia swali la muda. Mwanafunzi huwa na majira mawili au matatu ya kuhesabu, na mwaka mmoja wa ukame waweza kuyageuza yote. Kwa sababu hiyo vituo vya miaka mingi vina thamani kubwa. Huko Konza, Kansas, mbuga imegawanywa kwa mabonde, na tangu miaka ya 1970 mengine huchomwa kila mwaka, mengine kila miaka 2, au 4, na mengine huachwa mpaka miaka 20. Nyati walirudishwa humo mwaka 1987. Mwanafunzi aingiaye leo haanzi sifuri, hukuta shamba ambalo wengine walilitunza kwa kanuni ile ile kabla yeye hajazaliwa.

7. Tusilolichukua na tunalolichukua

Kwanza, twasema wazi ili mtu asije akatusingizia: hatukuandika somo hili ili mwanachama achome shamba. Majani ya mbuga ile yana uhai wake chini ya ardhi, na huchipua baada ya moto. Mkarafuu hauvumilii moto. Moto mmoja ulioponyoka waweza kuua jioni moja mti uliopandwa na babu, na mjukuu akakaa miaka kungojea mwingine. Dawa ya huko ni sumu ya huku.

Tunalolichukua ni mambo matatu.

La kwanza, tusiifanye kazi yote siku moja mahali pote. Chini ya mikarafuu pasafishwe kama ada, kwani karafuu iliyoanguka ni mali. Lakini kingo na mipaka yaweza kufyekwa kwa zamu, sehemu mwaka huu na sehemu mwaka ujao, ili mdudu aliyefukuzwa apate pa kwenda na pa kurudi kutoka.

La pili, tuulize shamba lilikuwa na nini kabla yetu. Ukingo wenye mimea ya maua ya namna nyingi ukishaondolewa na kugeuka majani ya namna moja, kuacha kuufyeka hakutoshi kuurudisha.

La tatu, tuhesabu kabla ya kutenda. Kamati imeazimia kutafuta mashamba manane ya wanachama kwa hiari. Manne yatafyekwa kingo zote, na manne yataacha ukanda. Nani awe wapi litaamuliwa kwa kura, si kwa kupenda kwa mtu, ili mashamba mazuri yasirundikane upande mmoja. Kabla panga halijaingia, na baada yake, itatandikwa kamba ya meta 50, na mhesabu atapita asubuhi isiyo na mvua, saa ile ile kila mara, akiandika nyuki, vipepeo na maua yaliyofunguka.

Katika maboga tutafanya jambo jingine rahisi. Asubuhi, maua kumi ya kike yatafungwa uzi mwekundu na kupakwa unga wa ua la kiume kwa mkono. Mengine kumi yatafungwa uzi mweupe na kuachiwa wadudu. Ikiwa ya uzi mwekundu yatashika matunda na ya uzi mweupe yataanguka, tutajua kwamba kilichokosekana ni mdudu. Ikiwa yote yataanguka, tutatafuta sababu katika mvua, mbegu au inzi. Mtoto wa skuli aweza kuifanya kazi hii, na jawabu lake litakuwa na nguvu kuliko rai zetu sote.

Tulikwenda kwa bibi yule kumweleza, naye amekubali maboga yake yawe ya kwanza. Alituuliza kama hesabu hizi zitamrudishia mavuno ya mwaka juzi. Tukamwambia hazitamrudishia. Chama kimempa mbegu mpya na kumwomba radhi, lakini jawabu la swali lake bado twadaiwa, na deni hilo haliwezi kulipwa ila kwa kuhesabu.

Maswali ya kujadiliwa katika matawi

1. Kwa nini katika uchunguzi wa mbuga yalitumika mashamba 13, na si matatu tu?

2. Mhesabu aliandika umbali wa kila kipepeo. Je, ni makosa gani yangetokea kama asingeandika?

3. Kipepeo Speyeria idalia auhitaji moto na tena auogopa. Elezeni kwa maneno yenu.

4. Tajeni mimea mitatu ya shambani kwenu ihitajiyo mdudu ili izae. Ni wadudu gani mmewaona juu ya maua yake, na saa ngapi?

5. Ukingo wa shamba lako ulikuwa na nini miaka kumi iliyopita? Muulizeni mzee mmoja, mkaandike jawabu lake.

Wanachama watakao mashamba yao yaingie katika kura na wafike ofisini kabla ya kuanza kufyeka. Akishafyeka, mtu asije. Kwake tutakuwa tumechelewa, kama tulivyochelewa sisi.

Katibu